Ushindi wa Uingereza Uliozaa Uasi wa Makoloni 13

Watahiniwa wengi huanza jibu la swali hili na mwaka 1776. Wewe anza na 1763. Mwaka huo Uingereza ilimaliza Vita vya Miaka Saba na kuinyang'anya Ufaransa Kanada. Ushindi huo ulileta mambo mawili. Kwanza, Mfaransa alipoondoka mpakani, walowezi hawakuhitaji sana ulinzi wa Mfalme. Pili, Uingereza ilibaki na deni kubwa la vita, ikawatoza walowezi kodi, kama ile ya stempu ya 1765, ingawa hawakuwa na wawakilishi katika Bunge lake. Ufaransa nayo ililipiza kisasi: mwaka 1778 iliungana na waasi. Katika jibu lako, usiorodheshe matukio tu. Onesha jinsi moja lilivyosababisha jingine.