MCHE MMOJA TU WA BANGI UANI: KUNA NOMA AU HAKUNA?



Kuna swali nalisikia sana vijiweni na hata kwenye kafe zetu: "Oya, nikiotesha mche mmoja nyumbani, wa kwangu mwenyewe, siuzi, kuna noma?" Ukiingia kwenye intaneti unakuta maelekezo kibao, kuanzia mbegu mpaka kuvuna, yameandikwa kama vile mtu anapanda mchicha. Leo tuelezane taratibu, maana hapa mtu anaweza kupotea hivi hivi.

MAELEKEZO HAYO YANATOKA WAPI?

Mengi yanatoka nchi ambazo sheria imeshabadilika. Kanada waliruhusu Oktoba 2018, na sehemu kubwa ya nchi hiyo kaya moja inaruhusiwa miche minne. Ujerumani, tangu tarehe 1 Aprili 2024, mtu mzima anaruhusiwa miche mitatu. Hata Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2018 kwamba mtu mzima anaweza kuotesha kwa matumizi yake faraghani. Malawi nao walipitisha sheria mwaka 2020, ila ni ya dawa na viwanda, tena kwa leseni.

Kwa hiyo jamaa anayekufundisha yuko kwake, polisi hawamgusi. Wewe uko Mirongo.

SASA NJOO BONGO

Hapa kwetu inatumika Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1995. Kifungu cha 11 kinakataza kulima mimea iliyopigwa marufuku, na bangi imo. Angalieni mambo matatu:

1. Kulima ni kosa linalojitegemea. Kusema "sivuti" au "siuzi" hakukutoi.

2. Kifungu hakisemi kosa linaanzia miche mingapi. Ndoo moja uani na shamba la bondeni, vyote vinaitwa kulima.

3. Mwenye nyumba au eneo akiruhusu, naye ana kosa. Wengi wetu tunakaa kwa wazazi au tumepanga chumba, uani ni kwa wote. Wakija kukamata, mama atajieleza vipi kuhusu ndoo anayopishana nayo kila asubuhi akienda bombani?

Na adhabu? Inafika MIAKA 30 jela, na mahakama zetu zimeshaitoa kwa wakulima wa bangi. Piga hesabu mwenyewe: ukiingia na miaka 19, unatoka na 49. Wenzako wana wajukuu.

Msidhani ni vitisho vya kwenye karatasi. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekuwa ikifyeka na kuchoma mashamba, iwe Kisimiri Juu kule Arumeru, iwe Tarime kwa majirani zetu wa Mara.

"MBONA KENYA MIRUNGI RUKSA?"

Swali zuri. Meru mirungi ni zao la biashara linalotambuliwa na serikali. Ukivuka mpaka wa Sirari, mzigo ule ule ni dawa ya kulevya, na mti wake umo kwenye orodha moja na bangi. Mmea haubadiliki njiani. Kinachobadilika ni sheria, na inayokuhukumu ni ya pale ulipokamatiwa.

MSIMAMO WANGU

Binafsi naona miaka 30 kwa ndoo moja ni mingi mno. Kubishana sheria ibadilishwe ni ruksa, mwambie mbunge wako, andika. Lakini mpaka ibadilike, ndoo ya uani panda sukuma wiki. Na kama ganja imeshakushika na unataka kuacha, Bugando wana idara ya afya ya akili, nenda ukaongee nao.

Nyie mnasemaje wadau? Maoni hapo chini, matusi hapana.

Nawasilisha.