Amos Tutuola na Hisabu za Msituni

Mwaka 1952 kampuni ya vitabu ya Faber and Faber ya London, ambayo mshairi T. S. Eliot alikuwa mmoja wa wakurugenzi wake, ilitoa kitabu cha mtu ambaye wasomi wa nchi yake hawakupata kumsikia: Amos Tutuola, tarishi wa Idara ya Kazi mjini Lagos, aliyekuwa akiandika katika zile saa ambazo tarishi hukaa akingoja kutumwa. Kitabu hicho, The Palm-Wine Drinkard, yaani Mlevi wa Tembo, kimejaa mafuvu yanayoruka, miji ya wafu na viumbe wa ghaibu; na nyuma ya vitisho vyote hivyo iko hazina ya ngano za Wayoruba, zilizohadithiwa usiku, kizazi baada ya kizazi, kabla mtunzi hajazaliwa.

Tutuola alizaliwa mwaka 1920 katika mji wa Abeokuta, kusini magharibi ya Nigeria, kwa wazazi Wakristo waliokuwa wakulima wa kakao. Elimu ya shule aliipata kwa taabu, kwani alikaa kwa bwana mmoja akimtumikia nyumbani, na badala ya mshahara bwana yule akamlipia karo; na baba yake alipofariki mwaka 1939, masomo yakakoma. Akajifunza uhunzi, na wakati wa Vita Kuu ya Pili akafua shaba katika jeshi la anga la Uingereza lililokuwa Nigeria. Vita vilipokwisha akahangaika kutafuta riziki, hata akaangukia utarishi. Ama ilimu iliyompa jina aliichuma kwa wazee waliohadithia jioni baada ya kazi za shamba, na katika riwaya ya Kiyoruba ya D. O. Fagunwa, iliyotoka mwaka 1938, juu ya mwindaji shujaa aliyeingia msitu wa mashetani.

Mlevi wa Tembo ni kisa cha mtoto wa tajiri ambaye tangu utotoni hakujua kazi ila kunywa. Baba yake akampa shamba lenye michikichi 560,000, akamwajiri na mgema hodari aliyemletea vibuyu 150 vya tembo kila asubuhi. Siku moja mgema akaanguka kutoka juu ya mti, akafa. Na kwa kuwa hakupatikana mwingine wa kushindana naye kwa ustadi, na marafiki nao wakatoweka pamoja na tembo, mlevi akafunga safari kwenda kumtafuta marehemu katika Mji wa Wafu.

Katika safari hiyo limo tukio ambalo msomaji hawezi kulisahau. Binti wa mkubwa wa mji, aliyekataa kila mume aliyechaguliwa na baba yake, alimwona sokoni bwana mmoja mzuri mno, mrefu, mwenye mavazi ya thamani. Na Tutuola, ambaye hakusahau miaka yake ya jeshini, asema kwamba hata ndege za vita zisingethubutu kuangusha mabomu juu ya uzuri ule. Soko lilipovunjika binti akamfuata, na yule bwana akamwonya arudi, asisikie. Walipofika ndani ya msitu, bwana akasimama mahali alipoazima miguu, akaivua, akaikabidhi kwa wenyewe na kulipa ujira wake, kisha akaendelea kwa kutambaa. Mbele kidogo akarudisha tumbo na mbavu, mbele tena mikono, kisha shingo, na mwisho ngozi na nyama za uso, hata asibakie ila fuvu tupu, nalo likaanza kuruka na kumkimbiza binti aliyekwisha kutaka kurejea kwao. Mafuvu wakamfungia shimoni, wakamkalisha juu ya chura mkubwa, wakamvika shingoni kauri iliyomnyima kauli na kupiga kelele kila alipojaribu kutoroka. Mlevi ndiye aliyemwokoa, akamwoa. Lakini hata yeye, alipomwona yule bwana sokoni, viungo ameviazima tena, alilia kwa kuona hakuumbwa mzuri kama yeye, kisha akamshukuru Mungu alipokumbuka kwamba lile lilikuwa fuvu.

Hapa ndipo iliposimama fahari ya mtunzi huyu. Vitisho vyake si vya ovyo. Vina sharia na hesabu zake. Fuvu lile ni la kuogofya, lakini ni mdeni mwaminifu, anayerudisha kila alichoazima na kulipa kwa wakati. Mbele ya safari, mlevi na mkewe wafikapo kwenye mti mweupe akaapo mama mkarimu wa viumbe wote wenye dhiki, mlangoni huuza mauti yao kwa pauni 70, shilingi 18 na peni 6, na hofu yao huikopesha kwa riba ya pauni 3 na shilingi 10 kwa mwezi. Nao watokapo, hofu hurudishwa kwa wenyewe, lakini mauti, maadamu yamekwisha kuuzwa, hayarudi. Mtu aliyekuwa akichukua barua za ofisi ya kikoloni mchana kutwa alizitia riba na stakabadhi ndani ya msitu wa wahenga, na msitu ule ukazipokea. Hata mwisho wa safari wafuata kanuni iyo hiyo: mgema hawezi kurudi pamoja na walio hai, bali humpa bwana wake yai la kulisha wenye njaa, na watu walioshibishwa nalo hulivunja.

Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake cha pili, My Life in the Bush of Ghosts, juu ya mtoto wa miaka saba anayekimbia watekaji wa watumwa, akaingia msitu wa mizuka na kutangatanga humo miaka 24. Humo yumo mzuka wa kike mwenye televisheni katika kiganja, ambamo mtoto humwona mama yake na watu wa kwao. Na jambo hili Tutuola aliliandika miaka mitano kabla kituo cha kwanza cha televisheni cha Nigeria hakijafunguliwa Ibadan mwaka 1959.

Sifa zilimjia kutoka mbali kabla ya karibu. Mshairi Dylan Thomas alikisifu Mlevi wa Tembo gazetini Julai 1952, na mwaka uliofuata Raymond Queneau akakifasiri kwa Kifaransa. Ilhali nyumbani baadhi ya wasomi waliona haya, wakisema kwamba Kiingereza chake ni kibovu na kwamba mizuka yake itawapa Wazungu sababu ya kuwadharau Waafrika. Lakini mwaka 1977 Chinua Achebe alitoa mhadhara Ibadan, akabainisha kwamba kitabu kile kina maadili mazito juu ya kazi na anasa, na kwamba mtu anayejipa anasa tupu bila kazi hulipizwa. Tutuola aliendelea kuandika hata uzeeni, akafariki Ibadan mwaka 1997.

Kwetu wasomaji wa Kiswahili habari hii si ya ugenini. Binti aliyekataa posa zote akaolewa na mgeni mzuri, kumbe zimwi, hadithi zetu zinamjua. Na mwaka ule ule wa 1952 Shaaban Robert alitupa Adili na Nduguze, ambamo liwali mwema hulazimika kuwapiga manyani wawili kila usiku, nao ni ndugu zake, kwa amri ya jini asiyevunjiwa neno. Siku hizi, hata hivyo, ngano zinapochapishwa kwa watoto, aghalabu zimwi hufanywa mpole na adhabu hufutwa, kana kwamba hofu ni najisi. Nami naamini kwamba afanyaye hivyo huondoa mafunzo pamoja na hofu, kwa kuwa binti yule asingefahamu gharama ya uzuri wa kuazima lau fuvu lisingemkimbiza. Basi kila mwenye bibi au babu anayejua hadithi, na amketishe amsikilize, aandike kama anavyohadithiwa, pamoja na mazimwi yake na adhabu zake, wala asione haya ya lugha ya nyumbani kwao. Kwani tarishi wa Lagos hakuona haya, na vitabu vyake vinasomwa hadi leo.