Kabla ya Kupanda Ndege, Linganisha Majina Yako

Mwaka juzi mpwa wangu alipata kazi ya mapokezi katika hoteli moja mjini Doha. Mamake, ambaye ni dadangu, aliuza bangili zake mbili za dhahabu ili binti apate nauli na gharama za karatasi. Tukasoma dua, majirani wakaja na visheti. Wiki mbili baadaye simu yangu ikalia.

"Mjomba, karatasi zangu zimerudishwa," akaniambia kwa kilio. "Wasema mwenye cheti cha shule na mwenye pasipoti ni watu wawili."

Cheti cha shule kilimwita Fatma, pasipoti ikamwita Fatuma. (Jina nimelibadilisha kumsitiri, lakini kosa lilikuwa la aina hii hii.) Jina la babu nalo lilikuwa Mohamed huku na Muhammad kule. Sisi nyumbani hatukuwahi kuona tofauti. Mwajiri hakungoja turekebishe, nafasi akapewa mwingine.

Tangu siku hiyo, kijana yeyote akija barazani kuniambia anahamia Uarabuni, simuulizi mshahara kwanza. Namwambia alete karatasi zake zote tuzitandaze mkekani.

Sisi wa Pwani tuna desturi ya jina lako, la baba, kisha la babu. Karani aliyekuandika hospitalini aliandika alivyosikia, mwalimu naye akaandika alivyozoea. Ndiyo maana Khadija huwa Hadija, Swaleh huwa Saleh, na Mwanaisha hukatwa vipande viwili. Ukihamia nchi za Ghuba, jina hugeuzwa likaandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mara nyingine hurudishwa tena kwa herufi za Kizungu. Anayekagua huko hajui ukoo wenu. Yeye analinganisha herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa kwa tarehe.

Basi kabla ya kulipa senti yoyote, linganisha cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, vyeti vya shule na cheti cha ndoa. Penye tofauti, anza kurekebisha kwenye mzizi. Cheti cha kuzaliwa hurekebishwa katika ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, kitambulisho katika ofisi ya usajili wa watu. Ikiwa jina limebadilika kabisa, utahitaji wakili akuandikie hati ya kubadilisha jina, isajiliwe na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Hati ya kiapo kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja husaidia katika baadhi ya ofisi, lakini usiitegemee kukufikisha mpaka mwisho wa safari. Cheti cha shule ndicho kigumu zaidi kubadilisha, kwa hiyo mara nyingi ni nafuu karatasi nyingine zikifuate hicho.

Pasipoti iombe majina yakishakaa sawa. Maombi hufanywa kwenye eCitizen, malipo yapite humo humo, kisha unakwenda mwenyewe kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Kwa Mombasa ofisi ya uhamiaji iko katika jumba la Uhuru na Kazi. Kitabu cha kurasa 34 hugharimu takriban shilingi 7,500. Wengi wetu tunajua kadhia ya kuulizwa karatasi za mzazi, hata za babu. Kwa hiyo msitupe kitambulisho cha marehemu, wala cheti chake cha kifo. Wakati wa kuomba viza, hakikisha pasipoti imebakiwa na zaidi ya miezi sita.

Cheti cha tabia njema hutolewa na idara ya upelelezi ya DCI. Nacho huombwa kwenye eCitizen kwa kama shilingi 1,050, kisha unapeleka alama za vidole. Usikichukue mapema mno, kwani waajiri na balozi nyingi hukataa cheti cha zamani.

Hapo huja mlolongo wa mihuri. Cheti cha Kenya hakitambuliwi kule kwa sababu tu ni halisi. Kwa kawaida huthibitishwa na aliyekitoa, halafu Wizara ya Mambo ya Nje, halafu ubalozi wa nchi unayokwenda. Balozi za Saudia, Qatar, Oman na Imarati ziko Nairobi, hivyo tia kwenye hesabu nauli, malazi na siku za kungoja. Na muhuri haurekebishi kosa la jina.

Sasa mkataba. Hapa ndipo watu wetu wanapoumia zaidi. Wakala anayepeleka watu kazini nje lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Tafuta jina lake kwenye orodha yao kabla hujampa pesa, usitosheke na picha ya leseni aliyokutumia kwa simu. Akikwambia uende kwa viza ya matembezi, kazi utatafutiwa ukifika, rudi nyumbani. Viza ya matembezi si kibali cha kazi, na siku zake zikiisha wewe ndiye mkosaji.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya ng'ambo uthibitishwe na afisa wa leba. Afisa huyo hapaswi kuuidhinisha mpaka aridhike kwamba umekubali bila kulazimishwa, umeuelewa na afya yako inakuruhusu. Ukimwona wakala anakukimbiza usipite hapo, jiulize anaficha nini. Soma mshahara, saa za kazi, siku ya mapumziko na nani atalipa tiketi ya kurudi. Hilo ni zito zaidi kwa dada zetu wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani. Saudia ilipolegeza masharti ya kubadilisha mwajiri mwaka 2021, wafanyakazi wa nyumbani hawakuingizwa katika mabadiliko hayo. Kwa hiyo mkataba wako ndio ngao ya kwanza.

Kuna karatasi nyingine tunayoidharau: cheti cha ndoa. Wengi tumeozeshwa msikitini, mashahidi wakala biriani, basi. Ndoa mbele ya Mungu imesihi, lakini atakayetaka kumchukua mkewe na watoto ataulizwa cheti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka ndoa ya Kiislamu nayo isajiliwe. Nenda kwa Kadhi mkiwa bado mko hapa wote wawili, na mashahidi bado wahai.

Usisahau unayoyaacha nyuma. PIN yako ya KRA hailali kwa sababu umeondoka. Maadamu iko hai na hujaondolewa wajibu huo, taarifa ya kodi huwasilishwa kabla ya tarehe 30 Juni, hata kama huna mapato hapa. Ukichelewa faini huanzia shilingi 2,000 kwa kila mwaka. Familia inayobaki iwe imesajiliwa SHA na michango ilipwe. Kama una shamba au nyumba, mwandikie unayemwamini hati ya uwakilishi kupitia wakili, itaje wazi anachoruhusiwa na asichoruhusiwa. Madeni yaandike, unayodai na unayodaiwa. Aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani inahusu kuandikiana deni, nasi bado tunaoneana haya.

Mwisho, toa nakala ya kila kitu mara tatu. Moja iende nawe mbali na mkoba wa pasipoti, moja uitume kwenye barua pepe yako, na moja ibaki kwa mtu nyumbani. Ukifika, fuatilia kibali chako cha ukaazi, kile ambacho Saudia huitwa iqama, usiachie mwajiri tu. Jiandikishe na ubalozi wa Kenya. Pasipoti ni yako, na mtu akiishikilia, ile nakala ndiyo itakayokusemea.

Mpwa wangu alichukua miezi saba kurekebisha majina, akapata kazi nyingine huko huko Doha, mshahara ukiwa chini kidogo ya ule wa kwanza. Alhamdulillahi, mwezi uliopita alimnunulia mamake bangili moja. Ya pili bado. Bahasha yake ya nakala iko kabatini mwangu, na leo nikiulizwa chochote kumhusu, najua pa kuanzia.

Nawe leo usiku, baada ya Isha, toa zako uzitandaze.