Mtoto Akigeuka Buluu, Usisingizie Baridi

Asubuhi za Sotik huwa na baridi. Ukungu hutanda juu ya mashamba ya chai, na mama aliyejifungua juzi humfunika mwanawe blanketi mbili. Midomo ya mtoto ikibadilika rangi, jirani husema, "Ni baridi tu, mfunike zaidi." Ndugu msomaji, huenda jirani huyo amekosea, na kosa lenyewe laweza kuangamiza mtoto.

Viganja na nyayo za mtoto mchanga kuwa buluu siku za kwanza ni jambo la kawaida. Lakini ulimi na ufizi vikiwa hivyo, fahamu kuwa damu yake ina upungufu wa oksijeni. Kwenye ngozi nyeusi rangi hiyo haionekani upesi. Mtoto huwa kama aliyepakwa majivu. Basi mtazame kinywani, penye mwanga wa kutosha.

Chanzo chaweza kuwa mapafu, au moyo ulioumbika vibaya tangu tumboni. Takriban mtoto mmoja kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya moyo, ingawa si zote zinazopunguza oksijeni. Mojawapo ya zile zinazoipunguza ilielezwa na daktari Mfaransa, Étienne-Louis Fallot, mwaka wa 1888: ukuta wa moyo una tundu, na njia ya kupeleka damu mapafuni imebana. Damu isiyo na oksijeni hupenya tunduni na kurudi mwilini. Mtoto huchoka akinyonya, na akishajua kukimbia, huchutama kila mara ili apate nafuu. Hii si laana, wala mama asilaumiwe.

Tiba yake ni upasuaji. Ule wa kwanza wa kuwasaidia watoto hawa ulifanywa Baltimore, Marekani, mwaka wa 1944. Leo mzazi wa Sotik hahitaji kuvuka bahari: Hospitali ya Tenwek, karibu na mji wa Bomet, hupasua moyo.

Je, ufanye nini? Uwe Sotik au Nairobi, kabla ya kutoka hospitalini mwombe muuguzi ampime mtoto oksijeni. Kifaa hubanwa kwenye mkono wa kulia na mguu, wala hakiumizi. Asilimia 95 na zaidi ni nzuri. Chini ya 90, daktari amwone mara moja.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa moyo nao hausubiri.