Pikipiki kuukuu: faida iko kwenye vipuri, si kwenye mashine

Soko la pikipiki za kale limepanda chati kiasi cha kuwashangaza hata waliozoea minada. Januari 2018, Vincent Black Lightning ya mwaka 1951 iliuzwa mjini Las Vegas, Marekani, kwa dola 929,000. Januari 2023, katika mji huo huo, Harley-Davidson ya mwaka 1908 ilichukuliwa kwa dola 935,000.

Bei za namna hiyo zimewafanya watu wengi wenye kipato cha kawaida, hasa Uingereza, Marekani na Japani, kununua pikipiki chakavu, kuiweka kwenye banda nyuma ya nyumba na kuanza kuifufua wenyewe jioni na siku za mapumziko. Wengine hufanya hivyo kwa kujifurahisha tu. Wengine hujiambia kuwa ni akiba.

Kwa mwekezaji mdogo swali ni moja: je, fedha inayoingia kwenye banda hilo hurudi? Hesabu inaonyesha kuwa mara nyingi hairudi yote. Hata hivyo, wapo wanaopata faida ya uhakika katika biashara hiyo hiyo, nao si wale wanaoonekana na spana mkononi.

BANTAM, MASHINE YA ANAYEANZA

Mfano mzuri ni BSA Bantam. Kampuni ya BSA ya Birmingham, iliyoanza mwaka 1861 kwa kutengeneza bunduki, iliitoa pikipiki hiyo mwaka 1948 ikiwa na injini ya cc 123 na gia tatu. Mchoro wake haukuwa wa Waingereza. Ulikuwa wa DKW RT125 ya Ujerumani, uliochukuliwa kama fidia ya vita baada ya mwaka 1945. Mchoro huo huo ulizaa pikipiki ndogo ya Harley-Davidson kule Marekani, Moskva ya Urusi, na mwaka 1955 YA-1, pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha.

Bantam ilitengenezwa hadi mwaka 1971, injini yake ikikua hadi cc 148 na baadaye cc 172. Vijana waliopeleka simu za maandishi wa Posta ya Uingereza waliziendesha zikiwa na rangi nyekundu. Kwa kuwa zilitengenezwa kwa maelfu mengi, hazijaadimika, na vipuri vyake bado vinapatikana.

Sababu ya wanaoanza kuichagua ni wepesi wake. Injini ni ya mipigo miwili, haina vali wala pampu ya oili. Oili huchanganywa na petroli ndani ya tenki. Mtu mmoja anaweza kuinyanyua injini na kuiweka mezani.

Lakini wepesi huo una mipaka. Krenki imeshindiliwa vipande kwa vipande, na kuifungua ili kubadili beringi ya fimbo ya pistoni kunahitaji mashine ya kushindilia na jicho la fundi aliyezoea kuinyoosha. Oil sili za krenki zikichakaa, injini huvuta hewa, huwaka kwa shida na huweza kuunguza pistoni. Sumaku ya magneto hupoteza nguvu ikikaa miaka mingi, na lazima ipelekwe kutiwa nguvu upya.

Nati na bolti nazo ni za nyuzi za Kiingereza za zamani. Spana za milimita hazizitoshei, na anayelazimisha huharibu vichwa vya bolti ambazo zingeweza kutumika tena. Seti ya spana zinazofaa ni gharama ya kwanza ambayo wengi husahau kuiandika.

HESABU YA BANDA LA NYUMBANI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa chini ni hesabu ya mfano, kwa pauni za Uingereza. Si bei za soko la wiki hii, bali ni njia ya kuonyesha fedha inavyotembea:

Pikipiki yenyewe, haitembei: 900
Silinda, pistoni, ringi, krenki, beringi na oil sili: 450
Magneto na nyaya: 200
Kabureta: 100
Rimu, spoki na matairi: 350
Rangi: 400
Kromu: 350
Kiti, kebo, mipira na vidogovidogo: 350
Usafiri na karatasi: 100
Jumla: 3,200

Tuseme mashine hiyo, ikiwa inang'aa, inauzwa kwa pauni 2,500. Mwenye nayo amepoteza 700. Akiwa ametumia saa 200 za kazi na akajilipa pauni 10 tu kwa saa, hasara imefika 2,700.

Sasa chukua mashine ile ile, lakini mwenye nayo asipake rangi wala kutia kromu. Anatengeneza injini kwa 450, magneto kwa 200 na kabureta kwa 100, anabadili matairi na kebo kwa 150, na kulipia usafiri na karatasi 100. Pamoja na bei ya kununulia, ametumia 1,900. Akiiuza kwa 2,000 ikiwa na rangi yake ya kiwandani iliyopauka, amebakiwa na 100.

Somo la hesabu hizi mbili ni kwamba fedha ya injini hurudi kwa urahisi kuliko fedha ya mng'aro. Mnunuzi hulipia zaidi mashine inayotembea kuliko isiyotembea, lakini hawezi kumrudishia muuzaji kila pauni ya kromu. Tena rangi ya asili ikishakwanguliwa, hakuna fundi wa kuirudisha.

KUTU INAPOUZWA KWA BEI YA DHAHABU

Soko lenyewe limethibitisha jambo hilo. Aprili 2016, kampuni ya mnada ya Bonhams iliuza pikipiki nane za Brough Superior zilizokutwa katika mabanda huko Cornwall, Uingereza, zikiwa zimeshikwa na kutu na nyingine zikiwa vipandevipande baada ya kukaa miongo mingi. Zilileta zaidi ya pauni 700,000 kwa pamoja. Moja tu, ya mwaka 1938 yenye injini ya silinda nne, ilifikisha zaidi ya pauni 330,000.

Kabla ya hapo, mwaka 2015, Harley-Davidson ya mwaka 1907 ambayo haikuwahi kufufuliwa iliuzwa Marekani kwa dola 715,000.

Wanunuzi wa ngazi hiyo hawakulipia uzuri. Walilipia uadimu, na uhakika kwamba hakuna mtu aliyebadilisha kitu. Mwenye Bantam asijidanganye kuwa kutu yake ina thamani hiyo. Brough Superior zilitengenezwa kama 3,000 tu kabla ya vita vya pili vya dunia. Hata hivyo kanuni ni ile ile, kwa kiwango kidogo.

NAMBA NA KARATASI

Jambo la pili linalopandisha au kushusha bei ni namba. Injini na fremu huwa na namba zilizogongwa kiwandani, na namba hizo zikilingana na kumbukumbu za kiwanda, thamani hupanda. Namba iliyosagwa na kugongwa upya huishusha, na huweza kumwingiza mnunuzi katika kesi ya mali ya wizi.

Kwa bahati nzuri kumbukumbu nyingi za viwanda vya Uingereza zimehifadhiwa. Vintage Motor Cycle Club, chama kilichoanzishwa mwaka 1946, hutoa vyeti vya kuthibitisha mwaka wa pikipiki kwa kutumia vitabu vya kiwanda. Kwa cheti kama hicho, mashine iliyopoteza kadi yake inaweza kuombewa namba ya usajili inayolingana na umri wake.

Serikali ya Uingereza nayo imewapunguzia mzigo wenye mashine hizo. Chombo kilichotimiza miaka 40 kinaweza kusamehewa kodi ya barabara, na tangu Mei 2018 hakilazimiki kupimwa kila mwaka, mradi hakijabadilishwa sana. Sharti hilo la mwisho ni sababu nyingine ya kutoigeuza pikipiki umbo.

Jambo moja limeongeza gharama. Tangu Septemba 2021, petroli ya kawaida ya Uingereza huwa na hadi asilimia 10 ya ethanoli, kileo kinacholainisha mipira ya zamani na kuvuta maji ndani ya tenki. Mwenye mashine ya kale hulazimika kununua petroli ya daraja la juu yenye ethanoli kidogo, au kubadili mipira yote ya mfumo wa mafuta.

HONDA YABADILI WANUNUZI

Upande mwingine wa soko unaongozwa na Wajapani. Honda CB750 iliingia sokoni mwaka 1969 ikiwa na injini ya silinda nne, cc 736, na breki ya diski mbele. Bei yake Marekani ilikuwa dola 1,495. Ndiyo iliyoonyesha kuwa viwanda vya Uingereza vimeachwa nyuma. BSA, ambayo katika miaka ya 1950 ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa duniani, ilianguka kifedha na mwaka 1973 ikamezwa katika muungano wa kampuni.

CB750 nyingi bado ni za bei ya kawaida. Lakini zile 7,414 za mwanzo, ambazo kasha la injini lilisubiwa kwa njia tofauti na ile iliyotumika baadaye, hutafutwa kwa udi na uvumba. Mwaka 2018 moja ya zile za majaribio, zilizotengenezwa kabla ya uzalishaji kuanza, iliuzwa Uingereza kwa zaidi ya pauni 160,000.

Sababu ya mabadiliko haya iko wazi. Mtu hununua uzeeni kile alichokitamani ujanani akakikosa. Waliotamani Triumph na BSA za miaka ya 1950 wamezeeka sana na wengi wao wanauza. Waliotamani Honda na Kawasaki za miaka ya 1970 ndio wenye fedha za kustaafu sasa. Anayenunua leo ajiulize ni nani atakayeitamani mashine hiyo miaka 15 ijayo.

NANI ANAPATA FAIDA

Mfanyabiashara wa vipuri wa Kariakoo, Dar es Salaam, au wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, anaijua hesabu hii bila kufundishwa. Chombo kibovu kikivunjwavunjwa, injini ikauzwa peke yake, kabureta peke yake na rimu peke yake, mara nyingi huleta zaidi ya bei yake kikiwa kizima.

Ndivyo ilivyo kwa pikipiki za kale. Kila anayefufua mashine kwa hasara ya pauni 700 amekwishawalipa muuza vipuri, mtia kromu, mpaka rangi na mchonga silinda, nao hawangoji mashine iuzwe. Kati yao, anayetengeneza upya kipuri kisichopatikana, kama kebo, oil sili au ekzosi ya umbo la asili, ndiye mwenye soko lisilokauka, maana mashine zote zilizobaki zinamhitaji.

Hata majina yamekuwa bidhaa. Mwaka 2016 jina la BSA lilinunuliwa na kampuni iliyo chini ya Mahindra ya India, na mwishoni mwa mwaka 2021 pikipiki mpya yenye jina la zamani, Gold Star, ikazinduliwa Birmingham. Royal Enfield nayo, iliyoanza kuunganishwa Madras mwaka 1955, imeendelea India muda mrefu baada ya kiwanda mama cha Uingereza kufungwa.

MAMBO YA KUZINGATIA

Pikipiki ya kale haitoi gawio kama hisa wala riba kama akaunti ya benki. Inakula nafasi, inahitaji bima, na siku ya kuuza mnada hukata kamisheni. Fedha inayotakiwa kwa ada ya shule au mtaji wa duka isiingizwe huko.

Anayetaka kuifufua kwa kujifurahisha aiandike fedha yake kama matumizi, si kama akiba. Aanze na mashine iliyokamilika hata kama haitembei, kwani kipuri kimoja kilichokosekana huweza kugharimu kuliko kutengeneza kumi vilivyochakaa. Apige picha kabla ya kufungua, na bolti za kila sehemu aziweke kwenye kopo lake.

Na mwenye BSA, Triumph au Honda ya zamani katika banda la familia asikimbilie kupaka rangi wala kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo. Kwanza asome namba za injini na fremu, kisha atafute kadi. Vitu hivyo viwili havina gharama, na mara nyingi ndivyo vinavyoamua kama mashine itauzwa kwa jina lake au kwa uzito wake.