Nyota ya Shaaban Robert

Huenda umesikia watu wakisema kwamba mshairi hodari huzaliwa na nyota yake. Basi tumtazame Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, tarehe 1 Januari 1909.

Mnajimu wa Kihindi hatosheki na tarehe. Hutaka mahali na saa pia, kwani kwa siku moja buruji zote 12 huchomoza mashariki, kila moja kwa muda wa saa mbili hivi. Saa ikikosewa, utabiri wote hugeuka. Nasi hapa Songea, wazee wetu wangapi walihesabu umri wao kwa Vita vya Maji Maji tu, vya 1905 hadi 1907? Nani alitazama saa mama alipojifungua?

Hata saa ikijulikana, tumsikilize Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu. Ujanani aliwaamini wanajimu. Kisha akapata habari za watoto wawili waliozaliwa wakati mmoja, mmoja wa bwana, mwingine wa mjakazi. Nyota zao zilikuwa zile zile, lakini mmoja aliishi kwa heshima, mwenziwe akabaki mtumwa. Augustino akauacha unajimu.

Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali. Pamoja na kazi ya ofisi aliandika mashairi, Kusadikika na vitabu vingine vingi, hata alipofariki mwaka 1962. Nyota haikumshikia kalamu.

Basi, mzazi, fedha unayotaka kumpa mnajimu, mnunulie mwanao daftari. Nalo halitauliza alizaliwa saa ngapi.