Mguu wa mota hausikii msumari

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani, tazameni kidogo mguu wa mtu, kuanzia kifundo kwenda chini. Una mifupa 26. Unapotembea, misuli ya nyuma inavuta kisigino, vidole vinasukuma udongo, mwili unakwenda mbele. Mguu wa bandia wa kawaida haufanyi kazi ile ya kusukuma. Unabeba mtu tu. Ndiyo sababu aliyekatwa mguu anachoka upesi.

Huko Marekani wametengeneza mguu unaosukuma. Habari yake inaanza mlimani. Mwezi wa kwanza wa 1982, kijana wa miaka 17, Hugh Herr, alipotea pamoja na mwenzake katika theluji ya Mount Washington. Baridi iliua miguu yake, waganga wakaikata yote miwili chini ya magoti. Kijana hakukubali kukaa kitini. Alijitengenezea miguu ya kupandia miamba, akarudi kupanda, halafu akasoma ufundi mpaka akawa mwalimu katika chuo kikuu cha MIT.

Mguu aliotengeneza huko pamoja na wenzake una mota, springi, betri na kompyuta ndogo ndani ya kifundo. Vyombo vidogo vinapima uzito unaokanyaga na namna kifundo kinavyokunjika. Kisigino kimegusa chini? Mwili umekwisha kupita mbele? Basi, saa ile ile kompyuta inaamuru mota isukume. Ukiongeza mwendo, nayo inaongeza nguvu. Mwaka 2012 Herr na mwenzake walichapisha vipimo vyao: kwenye njia tambarare, waliovaa kifundo hicho walitumia nguvu karibu sawa na watu wenye miguu yao yote.

Ni kazi kubwa. Lakini usidanganyike, ndugu. Bei yake ni makumi ya maelfu ya dola. Betri inataka kuchajiwa, na tope na maji ya mgodi si rafiki zake. Tena kuna jambo kubwa kuliko bei: kompyuta inajua umekanyaga kwa uzito gani, lakini wewe mwenyewe hujui kama umekanyaga msumari, kaa la moto au asidi. Mguu wako wa nyama unakuambia hayo bure, mara moja, hata usiku.

Kwa hiyo usivue viatu vya kazi eti kuna joto. Usikanyage kisigino cha kiatu kama ndara. Wala viatu hivyo si vya kuuza sokoni, hata mwisho wa mwezi ukiwa mbali. Kikipasuka, au chuma cha mbele kikitokeza, mwonyeshe kapita kabla ya kushuka.

Mwenye ugonjwa wa sukari anaweza kupoteza kusikia miguuni akiwa bado na miguu yake. Mama, mtazame mumeo nyayo kila jioni, na katikati ya vidole. Kidonda kidogo kisichouma ndicho cha kupeleka hospitali upesi.

Na wewe uliyekwisha kukatwa mguu, usikae ukingoja mota. Kule Jaipur, nchini India, fundi Ram Chandra Sharma na munganga P. K. Sethi walitengeneza mguu wa mpira ambao mtu anaweza kuutembelea bila kiatu na kuingia nao shambani kwenye maji. Watu wengi sana wamerudi kazini nao. Uwe wa mpira au wa mota, mguu wowote unasimama juu ya kigutu, ndiyo kusema sehemu iliyobaki ya mguu wako. Kioshe kila jioni kwa sabuni, ukikaushe, ukitazame chini kwa kioo. Ukiona wekundu usioondoka baada ya kuvua mguu, au lengelenge, usiuvae kesho yake. Nenda kwa fundi alegeze panapobana. Soksi ya kigutu ifuliwe kila siku, na isivaliwe kabla haijakauka.